Zima Hiyo Flashi

Picha yangu iliyopendwa kuliko zote ni ya uongo.

Inaonyesha korongo wa usiku juu ya tawi, mabawa nusu yamefunguka, jicho jekundu limekodoka, nyuma yake giza tupu. Niliipiga mwezi wa Aprili, kama saa mbili usiku, kwenye bwawa la mafunjo lililo kati ya kilima cha Bujora na Ghuba ya Speke. Nilipoiweka mtandaoni ilisambaa kuliko picha yoyote niliyowahi kupiga. Mtu mmoja aliandika kwamba ndege ana "pozi la kichifu". Nilimshukuru, nikamwekea na kikatuni cha taji.

Ndege yule hakuwa na pozi. Alikuwa amepofuka. Nilimwashia flashi usoni kutoka hatua kumi hivi, baada ya kujipenyeza kwenye matete kwa nusu saa nzima. Sekunde iliyofuata aliruka, na mti mzima ukaruka naye. Zaidi ya ndege thelathini walitawanyika gizani wakilia ile sauti yao ya kukwaruza, kwok, kwok, na kwa muda mrefu niliwasikia wakizunguka juu bila kutua. Asubuhi nilirudi kutafuta kifuniko cha lenzi nilichokidondosha. Chini ya mti nilikuta mayai mawili yamepasuka, ya rangi ya kijani iliyopauka kuelekea buluu, na kunguru wawili walikuwa wameshaanza kazi. Siwezi kuapa mahakamani kwamba ni mimi niliyeyaangusha. Tawi huweza kutikiswa na upepo. Lakini usiku ule hapakuwa na upepo.

Kwa hiyo ninaandika haya nikiwa mtuhumiwa namba moja, ila sikubali kusimama kizimbani peke yangu. Na bwawa lile sitalitaja jina. Sababu nitaieleza mbele.

Kwanza tumjue tunayemzungumzia. Korongo wa usiku mwenye utosi mweusi ana urefu wa kama sentimita 60. Ni mnene kidogo, na shingo huikunja mabegani kama mzee aliyejitanda shuka asubuhi ya baridi. Utosi na mgongo ni mweusi, mabawa ya kijivu, kifua cheupe, miguu ya njano. Wakati wa kuzaa huotesha kisogoni manyoya mawili au matatu meupe, marefu na membamba kama nyuzi. Kinda lake halifanani naye hata kidogo: ni la kahawia lenye madoa meupe, na watu wengi hudhani ni ndege wa aina nyingine. Mchana hukaa kimya ndani ya majani. Jua likizama, wakati yangeyange wanarudi kulala, yeye ndiyo kwanza anatoka kwenda kutafuta samaki wadogo, vyura na wadudu, na akipata nafasi hata makinda ya jirani zake. Wanasayansi walimpa jina la Nycticorax, la asili ya Kigiriki, yaani kunguru wa usiku. Ukisikia sauti yake hutauliza kwa nini.

Huku kwetu wengi niliowauliza humwita korongo tu, kama wanavyomwita kila ndege mwenye miguu mirefu anayesimama majini. Baba mdogo, ambaye majaruba yake ya mpunga yamepakana na bwawa, anamwita "yule wa zamu ya usiku". Sijapata jina linalomfaa zaidi ya hilo.

Sasa ugomvi wenyewe. Barabara ya Mwanza kwenda Musoma inapita Kisesa, karibu kabisa na Bujora, ikaendelea Magu na Lamadi mpaka lango la Ndabaka la Serengeti. Magari ya watalii hupita hapo yakiwa na paa za kufunguka. Sisi vijana wenye kamera za mkopo tumekua tukiangalia yanakoelekea. Tunataka simba. Simba hatuna hela yake, basi tunamgeuza ndege wa bwawani kuwa simba wa bei nafuu na kumwinda kwa namna ileile: sekunde moja ya kishindo, bawa lililofunguka, jicho linalotazama lenzi. Mtalii ana siku tatu na tiketi ya kurudi, haraka yake inaeleweka. Mimi naishi dakika ishirini kwa bodaboda kutoka bwawani. Haraka yangu ilikuwa ya nini?

Ninajua mbinu zetu kwa sababu nimezitumia karibu zote. Tunawasha flashi kwenye macho yaliyoumbwa kuona gizani. Tunacheza sauti ya ndege kwenye simu ili aitike, naye anaacha kiota kwenda kumfukuza mpinzani asiyekuwepo. Tunakata vijitawi "vinavyoziba", ilhali hivyo ndivyo vinavyomficha kinda asionekane na furukombe. Tunarusha droni juu ya mti. Kuna hata wanaorusha jiwe ili ndege aruke, wapate picha ya bawa. Na kwa kuwa ndege hawa huzaa kwa makundi, viota kumi au ishirini kwenye mti mmoja, kumtisha mmoja ni kuwatisha wote. Wazazi wakiruka, mayai hubaki juani au mbele ya kunguru, na hatuwi tena pale kuona kilichofuata. Tunakuwa nyumbani tunachagua picha.

Halafu tunamaliza kazi kwa kuweka lokesheni. Mimi niliiweka. Jumamosi iliyofuata walikuja wanne kwa bodaboda mbili, kila mmoja na flashi yake. Wiki mbili baadaye vijana wa jirani walikuwa na manati, kwa kuwa walikuwa wamesikia kwamba pale kuna ndege wanaofuatwa na watu kutoka mjini, na kitu kinachofuatwa na watu wa mjini lazima kina bei. Sikuweza kuwalaumu. Ni mimi niliyetangaza mnada.

Wapo watakaosema hayo ni makosa ya adabu, na adabu hufundishika. Ni kweli. Lakini kosa langu kubwa nililigundua mwaka uliofuata, nalo halikuwa la adabu.

Sehemu ya bwawa ilikuwa imeanza kupimwa viwanja. Beikoni zilisimama kwenye mafunjo, na malori yalikuwa yakimwaga vifusi upande wa barabara. Ukaitishwa mkutano chini ya mwembe. Alikuja afisa mmoja, mtu mpole aliyekuwa amebeba daftari, akauliza swali la haki kabisa: hapa mnasema kuna viumbe, ni viumbe gani, ni wangapi, na tangu lini?

Baba mdogo alinigeukia mbele ya watu wote. "Si wewe unakesha nao huko kila siku, mwanangu? Hebu waonyeshe."

Nilitoa simu nikaonyesha ile picha ya jicho jekundu. Afisa aliitazama kwa makini, akasema ni nzuri sana. Kisha akauliza ilipigwa wapi. Nyuma ya ndege kulikuwa na giza tupu. Ingeweza kuwa imepigwa Rubondo. Ingeweza kuwa imepigwa Uhispania. Akauliza mti wenye viota uko upande gani wa beikoni. Akauliza kama wanazaa pale au wanapumzika tu. Akauliza kama mwaka juzi walikuwepo. Nilikuwa nimekwenda bwawani zaidi ya mara arobaini, na sikuwa na picha moja pana inayoonyesha mti, mafunjo, majaruba na majabali ya nyuma kwa pamoja. Sikuwa na tarehe wala idadi. Kila kitu ambacho kingetufaa siku ile nilikuwa nimekikata nje ya fremu, kwa sababu niliambiwa picha nzuri ni ile isiyo na takataka.

"Asante, Shikamoo, baba," nilimwambia afisa kwa kuchanganyikiwa, maneno yakitoka bila mpangilio. Mkutano ukaenda kwenye ajenda ya pili, ya barabara. Kufikia kiangazi, nusu ya bwawa ilikuwa chini ya vifusi.

Tangu siku ile ninaamini kwamba upigaji picha tuliofundishwa ni wa kutufurahisha sisi, na kwamba sehemu kama ya kwetu haina uwezo wa kuugharimia. Tunahitaji picha zinazoweza kusimama kama shahidi, na shahidi hutakiwa kuwa na mahali, siku na idadi.

Mtu ataniambia: sheria ipo. Ipo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu, au zenye kuathiri hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Lakini nenda kasimame kwenye mafunjo uniambie ukingo uko wapi. Ziwa Victoria linapanda na kushuka. Baada ya mvua kubwa za 1961 na miaka iliyofuata lilipanda kwa zaidi ya mita mbili. Mwezi Mei 2020 lilifikia kimo kilichovunja rekodi ile ya miaka ya sitini, na watu waliojenga ufukweni katika miaka ya maji madogo waliamka wakakuta ziwa sebuleni. Dalali hukuonyesha kiwanja mwezi wa Agosti, ardhi ikiwa imekauka. Anayeweza kumjibu dalali ni mtu mwenye picha ya mahali palepale kila mwezi kwa miaka mitano, yenye korongo amesimama kwenye maji katikati ya hicho kinachoitwa kiwanja. Ndege wa majini hadanganyi kuhusu yalipo maji.

Ugomvi wangu wa pili ni na neno "kawaida". Ukitaja korongo wa usiku kwa watu wanaojua ndege, watakuambia ni wa kawaida. Katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini amewekwa kwenye kundi lisilo na wasiwasi mkubwa, na ni haki yake: yupo Afrika, yupo Ulaya, Asia na Amerika zote mbili. Lakini orodha ya dunia haijui bwawa letu. Ndege anaweza kuwa salama duniani na akawa amekwisha Kisesa.

Na sisi wa Mwanza ndio watu wa mwisho wenye haki ya kulidharau la kawaida, kwa sababu tuliona kilichompata furu. Furu walikuwa aina mamia ya samaki wadogo, wengi hawakuwa na majina ya kisayansi, na walikuwa ndio sehemu kubwa ya samaki wa ziwa hili. Walikuwa wa kawaida kiasi kwamba miaka ya 1970 Mwanza ilijengewa kiwanda cha kuwasaga wawe chakula cha mifugo. Sangara alikuwa ameshamwagwa ziwani tangu miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miaka ya 1980 ilipofika katikati, furu walikuwa wametoweka karibu kabisa kwenye nyavu, na aina nyingi hazikuonekana tena.

Tunajuaje hayo kwa uhakika? Kwa sababu tangu 1977 kulikuwa na watafiti wa kutoka Leiden, Uholanzi, waliokuwa wakivua kwenye Ghuba ya Mwanza, sehemu zilezile, mara kwa mara, wakihesabu na kuandika samaki ambao watu waliwaona hawana thamani. Hawakujua kwamba wanaandika habari ya msiba. Walikuwa wanafanya kazi ya kuchosha, basi. Kazi hiyo ya kuchosha ndiyo sababu leo dunia inajua kilichopotea. Na furu walionusurika, baadhi yao walinusurika wapi? Ndani ya mafunjo. Maji ya kule yana hewa kidogo, sangara hayavumilii, furu wanayavumilia. Bwawa la kawaida likawahifadhi samaki wa kawaida. Anayemwaga kifusi pale anaziba mlango wa maficho hayo.

Mwaka 2004 Mwaustria Hubert Sauper alitoa filamu ya Darwin's Nightmare, iliyopigwa hapa Mwanza, kuhusu sangara, mapanki, ndege za mizigo na umaskini. Tulikasirika. Mwaka 2006 hata Rais Kikwete aliikemea hadharani. Inawezekana hasira zile zilikuwa na haki. Filamu ile ina mambo mengi ya kubishaniwa. Lakini jiulize, baada ya hasira tulipiga picha gani zetu wenyewe za ziwa hili? Machweo. Jiwe la Bismarck wakati wa machweo, harusi Capri Point wakati wa machweo, mtumbwi wakati wa machweo. Ghuba iliyo kaskazini mwa Bujora hadi leo ina jina la Speke, Mwingereza aliyefika mwaka 1858 akakaa siku chache, akatazama, akaandika, akaondoka. Aliyeandika ndiye aliyebaki kwenye ramani. Sisi tuliokuwepo kabla yake na baada yake tunaendelea kutazama bila kuandika.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya machweo hayo. Tanzania iliingia katika Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu mwaka 2000. Mpaka ninapoandika tuna maeneo manne: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero, na Rufiji-Mafia-Kilwa. Hakuna hata moja kwenye Ziwa Victoria. Uganda, ziwa lilelile, ina kadhaa: Lutembe, Mabamba, Sango Bay. Kule Mabamba wavuvi walikuwa wakimwona yule ndege mwenye mdomo kama kiatu kuwa ni nuksi kwa uvuvi. Leo wapo wanaoishi kwa kuwapeleka wageni kumtazama kwa mtumbwi. Nafurahi kwa ajili yao. Ila sisi hatuna ndege wa ajabu wa namna hiyo pale bwawani, na sikubali kwamba bwawa lisilo na ndege wa ajabu halina wakili. Likiokolewa, liokolewe kwa ajili ya wa zamu ya usiku, kambare, kamongo, na kina mama wanaokata mafunjo ya kusuka majamvi.

Nimesikia majibu ya upande wa pili na siyadharau. Wanasema bwawa ni nyumba ya mbu. Lakini mbu mkuu wa malaria Afrika, Anopheles gambiae, hupenda kutaga kwenye madimbwi madogo yaliyo wazi juani: nyayo za ng'ombe, mashimo ya matofali, matairi ya lori yaliyokanyaga tope. Ukifyeka mafunjo ukaacha mashimo, umemjengea yeye. Wanasema watu wanahitaji mpunga. Ni kweli, nami nimesomeshwa kwa mpunga wa majaruba. Korongo wa usiku hana ugomvi na jaruba. Huingia humo usiku kula vyura na wadudu, na asubuhi baba mdogo hukuta alama za vidole vyake kwenye tope la matuta. Mkulima na ndege huyu wamegawana siku na usiku bila mkataba. Anayewafukuza wote wawili ni ukuta wa matofali.

Na wanasema kamera ni mchezo wa wenye hela. Hili ndilo linaloniuma kwa sababu nililiamini. Nilijinyima nikanunua flashi, nikadhani kilichokosekana ni vifaa. Siku ya mkutano, simu ya kawaida yenye picha mbovu arobaini za mti uleule, kila moja na tarehe yake, ingekuwa na nguvu kuliko lenzi yangu yote.

Tunataka nini basi? Nianze na sisi. Fika kabla jua halijazama, ukae mbali, ukae chini, usisogee. Baada ya muda ndege watakuchukulia kuwa kisiki. Zima flashi; ongeza usikivu wa kamera, ukubali picha itoke na chembechembe. Zima sauti za ndege kwenye simu. Msimu wa viota usikaribie mti, hata ukiwa na kibali cha moyo wako. Kila ukienda, piga kwanza picha moja pana kutoka jiwe lilelile. Hesabu wanaotoka jioni, andika idadi hata kama ni sifuri, kwa sababu sifuri nayo ni habari. Tofautisha wakubwa na wale wa kahawia. Wa kahawia wakionekana ujue mahali pale panazaa. Kila Januari hufanyika hesabu ya ndege wa majini katika nchi nyingi duniani, na Atlasi ya Ndege wa Tanzania imejengwa kwa miaka mingi na kumbukumbu za watu wa kujitolea. Peleka zako huko, maana picha iliyobaki kwenye simu ikiibiwa imekwenda na bwawa lake. Na mtandaoni taja wilaya, usitaje bwawa. Wenye kuhitaji kujua, yaani kijiji, halmashauri na watafiti, wape kila kitu. Wenye hamu ya laiki hawahitaji.

Kisha jamii. Usukumani hatuhitaji kufundishwa na mtu kutoka nje maana ya kufunga eneo lipumzike. Wazee wetu walikuwa na ngitili: sehemu ya malisho iliyofungwa msimu wa mvua ili ng'ombe wapate nyasi wakati wa kiangazi, ikilindwa na kanuni za kijiji. Mradi wa HASHI ulipoanza Shinyanga mwaka 1986, nchi ikiwa imekaribia kuwa jangwa, haukuleta uchawi. Uliwaruhusu watu warudie ngitili zao, na mamia ya maelfu ya hekta yakarudisha miti. Kama tuliweza kufunga malisho kwa ajili ya ng'ombe, tunaweza kufunga mti mmoja na eneo la mafunjo kuuzunguka kwa miezi ya kuzaa. Kijiji kinaweza kuandika kanuni hiyo. Mwalo wa wavuvi unaweza kuisimamia, kama unavyosimamia makokoro.

Na Bujora yenyewe. Makumbusho ya Wasukuma pale, yaliyoanzishwa na padri Mkanada David Clement, yana ngoma za watemi, viti vya enzi, na nyumba iliyojengwa kama za zamani. Kila Juni kwenye Bulabo, Bagika na Bagalu hushindana kucheza, na wapo wanaoingia uwanjani na nyoka na nungunungu. Watu wanajaa. Ninawauliza wanaojaa, nami nikiwa kati yao: tunashangilia wanyama uwanjani, lakini mbuga, majaruba na mabwawa yaliyotupa kawaida ya kuishi na wanyama hao tunayapimia viwanja. Ngoma ya mtemi iliyowekwa ndani haihitaji mvua. Bwawa halina nyumba ya kuliweka. Ningependa kuona siku moja, kwenye ukuta pale Bujora, picha sitini za bwawa moja zilizopigwa mwezi baada ya mwezi, zisizo na pozi hata moja, watoto wa shule wakihesabu ndege kwa vidole.

Nimeanza za kwangu. Nina miezi kumi na tisa. Nusu iliyobaki ya bwawa ina mti uleule, na Aprili iliyopita nilihesabu ndege ishirini na mbili wakitoka jioni, watano kati yao wa kahawia. Hiyo ni chini ya zaidi ya thelathini niliowatawanya usiku ule, lakini idadi ya usiku ule niliikisia nikiwa natetemeka kwa furaha, kwa hiyo siiweki kwenye daftari. Picha zangu sasa ni mbaya. Nyingi zina doa jeusi linaloruka juu ya mafunjo na mbingu ya rangi ya majivu, na kwenye kona kuna beikoni, naiacha makusudi.

Juzi baba mdogo alikuja akaketi pale jiweni nilipokuwa. Hakuuliza ninapata nini. Giza liliposhika alinigusa bega, akanyoosha kidole upande wa majaruba yake kabla mimi sijasikia chochote.

"Wameingia kazini," alisema. "Andika."

Niliandika: saa moja na dakika kumi na mbili, wanne, wakielekea mashariki.